Mgeni Aliyepewa Jembe: Parachichi katika Vihamba vya Kilimanjaro

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Parachichi lilipofika Kilimanjaro halikupewa jembe siku ya tatu, wala mwaka wa tatu. Lilikaa ugenini karibu karne nzima, limesimama pembeni mwa shamba la kihamba, likila samadi ya ng'ombe na kunywa maji ya mfereji wa mfongo, na hakuna aliyelidai hesabu. Watoto waliupanda mti wake, akina mama wakabeba matunda yake sokoni, nguruwe wakala yaliyobaki. Heshima yote ilikwenda kwa kahawa.

Leo parachichi ndilo linalodaiwa ada ya shule, bati la nyumba na bili ya hospitali. Vijana wanaorudi mlimani wakiwa na akiba ya mjini huuliza kwanza bei ya mche wa parachichi aina ya Hass, kisha ndipo wanauliza habari za mibuni ya babu. Kuelewa jinsi mti huo ulivyotoka pembeni ukafika katikati ni kuelewa pia jinsi kihamba chenyewe kilivyodumu mkononi mwa familia zilezile kwa vizazi vingi. Kilichoilinda familia ya mlimani hakikuwa zao lolote moja. Ilikuwa kanuni ya kutoliachia zao moja shamba lote, na kanuni hiyo ndiyo inayojaribiwa sasa.

Kabla ya 1890: Shamba lenye makaburi ndani

Kihamba ni ardhi inayoizunguka nyumba ya Mchagga, kwenye ukanda wa mlima ulio kati ya takriban mita 1,000 na 1,800 kutoka usawa wa bahari. Juu yake kuna msitu. Chini yake kuna tambarare yenye jua kali ambako familia hulima mahindi na maharage na kukata majani ya mifugo. Ukoo uliotangulia kufyeka ndio uliomiliki, na ulipomiliki ulipanda masale mpakani. Aliyekufa alizikwa humohumo, karibu na migomba yake. Ndiyo maana kumuuzia mtu baki kihamba kulihesabiwa kuwa ni kumuuzia mifupa ya babu, na fedha za namna hiyo ziliaminika hazina baraka.

Maji yalishuka kutoka msituni kwa mifongo, mifereji iliyochimbwa kwa mkono ikifuata ubavu wa mlima, mingine ikivuka makorongo kwa magogo yaliyotobolewa. Kila mfongo ulikuwa na ukoo wake, zamu zake na siku zake za kuzibuliwa. Asiyetokea kwenye kazi alitozwa faini, mara nyingi ya pombe ya mbege, au akaikosa zamu yake. Mmisionari Johannes Rebmann alipopanda huku mwaka 1848, habari yake ya theluji iliyo karibu na ikweta ilibishiwa vikali huko Ulaya. Watu aliokutana nao hawakuwa wakiishangaa theluji. Walikuwa na migomba ya kutunza na maji ya kugawana.

Ndani ya kihamba mimea ilipangwa kwa ghorofa. Juu kabisa ilisimama mifuruanje na miringaringa, iliyoachwa makusudi msitu ulipofyekwa, ili itoe kivuli, kuni na majani. Chini yake migomba, na chini ya migomba magimbi, viazi vikuu, maharage na mboga. Ng'ombe walifungwa ndani wakaletewa majani. Samadi yao ikaenda kwenye mashina ya migomba, na mgomba ukishakatwa mkungu, shina lake likarudi kwa ng'ombe. Hakikupotea kitu, na ardhi haikupumzishwa, kwa sababu haikuchoka.

Urithi nao ulikuwa na mpango. Kifungua mimba wa kiume alitengewa kihamba chake mapema, na kitinda mimba alibaki na nyumba ya wazazi na jukumu la kuwatunza uzeeni. Wa katikati walitazamia ardhi mpya ya kufyeka. Mabinti waliolewa kwenye vihamba vya watu wengine. Mwanamke hakuwa na ardhi kwa jina lake, lakini ndizi za chungu na za sokoni zilikuwa mkononi mwake, pamoja na maziwa na mboga. Mgawanyo huo wa nani anapanda, nani anauza na nani anatunza fedha utaamua mengi baadaye.

1890–1916: Mbegu mbili za misheni

Miaka ya 1890 ilileta mlimani bendera ya Wajerumani na makanisa kwa pamoja. Wamisionari Wakatoliki walijenga Kilema na Kibosho. Walutheri wa Leipzig walifika Machame mwaka 1893. Kila misheni ilikuwa na bustani, na kila bustani ilikuwa shamba la majaribio. Maandishi ya kilimo nchini huutaja mwaka 1892 kuwa ndipo parachichi lilipoletwa na wamisionari Wajerumani. Kahawa aina ya arabika ilifuata, na Kilema inatajwa kuwa mahali ilipopandwa mwaka 1898.

Mwaka huohuo wa 1898 serikali ya kikoloni ilianza kukusanya kodi ya nyumba. Hapo ndipo njia za mbegu hizi mbili zilipoachana. Mtu aliyetakiwa kulipa kodi kwa fedha taslimu alihitaji kitu kinachokauka, kinachohifadhika kwenye gunia na kinachosafiri hadi Ulaya bila kuoza. Buni ilikuwa na sifa zote hizo. Parachichi halikuwa na hata moja: tunda zito, laini likiiva, lisilo na mnunuzi zaidi ya jirani.

Wamangi, yaani machifu wa Kichagga, walikuwa miongoni mwa wa kwanza kupanda kahawa, kisha watu wengine wakafuata. Parachichi lilisambaa kimyakimya. Aliyekula tunda kwenye misheni aliondoka na kokwa lake, akalifukia nyuma ya zizi au ukingoni mwa mfongo. Kokwa la parachichi haliufuati mti mama kwa sura. Kila moja huzaa mti wenye tabia zake. Matokeo yake, vihamba vilijaa maparachichi ya kila namna: marefu yenye shingo, ya mviringo, ya kijani, ya zambarau, yenye mafuta mengi na yenye majimaji. Hakuna aliyeyapa majina ya kitaalamu. Yaliitwa ya kwa fulani.

1916–1964: Kahawa ya baba, parachichi la mama

Waingereza waliiteka Moshi mwaka 1916, na baada ya vita Charles Dundas, mkuu wa wilaya, akawahimiza Wachagga wapande kahawa. Walowezi walipinga. Walisema mashamba ya Waafrika yataeneza magonjwa. Walichohofia zaidi ni kwamba mtu mwenye kahawa yake hataenda kuchuma ya mlowezi. Mwaka 1925 wakulima waliunda chama chao, Kilimanjaro Native Planters' Association, na Joseph Merinyo akawa rais wake wa kwanza. Mwaka 1933 nafasi ya chama hicho ilichukuliwa na Kilimanjaro Native Co-operative Union, ambayo hadi leo wengi huijua kwa herufi zake tu: KNCU. Mwaka uliofuata kituo cha utafiti wa kahawa kikafunguliwa Lyamungu.

Haikuwa safari tulivu. Mwaka 1937, bei ilipokuwa mbaya na wakulima wakilazimishwa kuuza kupitia ushirika peke yake, ghasia zilizuka na maghala ya vyama yakashambuliwa. Hata hivyo kahawa iliubadilisha mlima. Ilijenga shule, nyumba za saruji, vyama vya msingi kila kata, na kizazi cha makarani na walimu.

Kinachosahaulika ni namna ilivyoingia kihambani. Mlowezi alifyeka kila kitu akapanda mibuni kwa mistari juani. Mchagga aliipenyeza chini ya migomba, akiijaza ile ghorofa iliyokuwa na nafasi. Kahawa ya arabika ni mmea wa kivulini kwa asili yake, na samadi ilikuwa ipo tayari. Bei ilipoanguka wakati wa mdororo wa miaka ya 1930, familia haikulala njaa. Ndizi zilikuwa juu ya kichwa cha mbuni. Huo ulikuwa mtihani wa kwanza wa kanuni ya kihamba, na kanuni ikafaulu.

Mgawanyo wa zamani uliendelea katika sura mpya. Jina lililoandikwa kwenye daftari la chama cha msingi lilikuwa la baba. Mama na watoto walipalilia, walichuma na kumenya, na malipo yakaja kwa baba. Parachichi halikuwa na daftari. Kwa kuwa lilihesabiwa kuwa chakula, liliangukia upande wa mama pamoja na ndizi.

Tena lilikuwa na sifa moja ambayo mama aliijua kuliko mtaalamu yeyote: haliivi mtini. Tunda lililokomaa hubaki likining'inia kwa wiki na hata miezi, gumu kama lilivyo, na huanza kulainika baada ya kuchumwa. Mti ukawa ghala. Mama aliangua kwa ngoe matunda ya kutosha tenga moja, akayaacha yaive ndani kwa siku chache, akayapeleka sokoni siku ya gulio. Wiki iliyofuata alirudia. Chumvi, mafuta ya taa na daftari la mtoto vilitoka huko, kidogokidogo, bila kikao cha ukoo.

1964–1994: Miaka ya mrututu

Mwaka 1964 ugonjwa wa chulebuni, unaoozesha buni zikiwa bado changa, uliripotiwa Tanzania. Pamoja na kutu ya majani, uliifanya kahawa kuwa zao la kupigwa dawa. Wakulima walijifunza kubeba pampu mgongoni na kunyunyizia dawa za shaba, ambazo watu waliziita mrututu, mara kadhaa kila msimu. Mibuni ilibadilika rangi ikawa ya samawati. Gharama ikapanda, na ardhi iliyokuwa ikijilisha yenyewe ikaanza kutegemea duka.

Siasa nayo ilitikisika. Utawala wa wamangi ulikwisha mara baada ya uhuru. Azimio la Arusha lilikuja mwaka 1967, na mwaka 1976 serikali ikavifuta vyama vikuu vya ushirika, KNCU ikiwamo. Ushirika ukarejeshwa kwa sheria ya mwaka 1982. Kufutwa kule kuliangukia wakati mbaya: baridi kali ilikuwa imeunguza mibuni ya Brazili Julai 1975 na bei ya dunia kupaa, lakini mkulima wa mlimani aliisikia neema hiyo redioni zaidi kuliko mfukoni.

Pigo kubwa lilikuja Julai 1989, mfumo wa mgao wa mauzo chini ya Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa ulipovunjika na bei ikaporomoka. Serikali iliondoa hatua kwa hatua ruzuku ya pembejeo, na kuanzia msimu wa 1994 wanunuzi binafsi wakaruhusiwa. Dawa sasa ilinunuliwa kwa bei ya soko, kahawa ikauzwa kwa bei ya huruma. Wengi waliacha kupulizia. Mibuni ikazeeka na baba.

Wakati huohuo kihamba kilikuwa kimepungua. Ardhi mpya ya kufyeka iliisha zamani. Wana wa katikati walikuwa wamehamia tambarare, Moshi, Arusha na Dar es Salaam, na waliobaki waligawana kilichokuwapo. Utafiti uliochapishwa mwaka 1984 ulikuta wastani wa kihamba ni hekta 0.68, na ndani ya vihamba vilivyochunguzwa aina zaidi ya 100 za mimea. Namba hizo mbili zisomwe pamoja. Ardhi ndogo namna ile ililisha watu wengi kwa sababu kila ghorofa ilikuwa na kazi.

1994–2007: Mti wa pembeni wapata wateja

Kahawa ilipoanguka, mlima ulitafuta fedha kwingine: maziwa, ndizi mbivu, mbao za mgrevilea, mboga. Barabara zilikuwa zimeboreshwa, na magari ya wachuuzi yalianza kupanda hadi mwisho wa lami kutafuta matunda ya kupeleka Dar es Salaam na, kupitia Holili na Namanga, nchini Kenya, ambako biashara ya kusafirisha maparachichi Ulaya ilikuwa imetangulia kwa miongo.

Hapo parachichi likapata kitu ambacho halikuwahi kuwa nacho: dalali. Alikuja maua yakiwa bado mtini, akautazama mti kwa jicho, akataja bei ya mti mzima. Mwenye shida ya ada alikubali. Miezi ikapita, matunda yakajaa, vijana wa dalali wakapanda na kutikisa matawi hadi tunda la mwisho, likiwemo changa. Kwenye magunia ilitawala lumbesa: gunia lililoshonewa kilemba, linalolipwa kama gunia moja. Mama aliyekuwa akiangua tenga kwa tenga alijikuta hana cha kupeleka gulioni, na fedha ya mti mzima ilipolipwa, ililipwa kwa baba.

Wachunguzi wengi wa kilimo Afrika wameiona hali hiyo: zao la mama likinusa fedha, hubadilisha mikono. Mlimani lilibadilisha mikono bila kutangazwa. Hata hivyo sheria ilikuwa inasogea upande mwingine. Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za mwaka 1999, zilitamka kwamba mwanamke ana haki sawa na mwanamume ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi. Umbali kati ya kitabu cha sheria na kikao cha ukoo baada ya mazishi ulibaki mrefu, lakini mabinti waliosoma walianza kuhudhuria vikao hivyo wakiwa na hoja.

2007–2022: Hass yapanda mlima

Mti uliokuja kuitawala biashara hii ya dunia ulitoka kwenye kiwanja cha mtu wa kawaida. Rudolph Hass, mfanyakazi wa posta wa California, alipanda kokwa huko La Habra Heights miaka ya 1920. Alikusudia liwe shina la kubebeshea aina ya Fuerte, iliyokuwa ikitamba wakati huo. Kubebesha kukashindikana, mti ukaachwa ukue, na matunda yake yakawa na mafuta, ganda gumu lenye vipele na tabia ya kugeuka jeusi likiiva. Aliusajili kwa hataza mwaka 1935. Kila mti wa Hass ulioko duniani leo ni kipande kilichotokana na mti ule mmoja. Mti mama wenyewe ulikufa mwaka 2002 kwa kuoza mizizi.

Mwaka 2007 kampuni ya Africado ilianza kilimo cha Hass wilayani Siha, upande wa magharibi wa Kilimanjaro, ikalenga soko la Ulaya na kuwashirikisha wakulima wadogo wa jirani. Kusini mwa nchi, Rungwe na Njombe zilikuwa zikiingia kwenye biashara hiyohiyo. Kwa mara ya kwanza parachichi lilinunuliwa kwa kilo, kwa daraja, likiwa na kumbukumbu za shamba: limepandwa lini, limewekewa nini, limechumwa na nani. Kreti ikachukua nafasi ya gunia.

Namna Hass ilivyoingia kihambani inastahili kutazamwa kwa karibu. Fundi wa kitalu huanza na kokwa la parachichi la kienyeji, kwa sababu mti wa kienyeji umeuzoea udongo wa mlima. Hulipanda kwenye kiriba chenye udongo wa msitu na samadi iliyooza. Shina likifikia unene wa penseli, hulikata, hulipasua katikati, huchonga kikonyo cha Hass chenye macho mazima kiwe kama kabari, hukichomeka kwenye ufa ganda kwa ganda, kisha hufunga kwa utepe wa plastiki ili maji yasiingie. Baada ya wiki chache macho yakichipua, mche umeshika. Kisu kikiwa kichafu au mkono ukichelewa, kikonyo hukauka. Mche uliobebeshwa huanza kuzaa ukiwa na miaka mitatu hivi, ilhali ule wa kokwa huweza kumtesa mwenyewe zaidi ya miaka sita.

Kwa hiyo Hass ya Kilimanjaro, pamoja na fahari yake yote, imesimama juu ya mizizi ya yale maparachichi yaliyofukiwa nyuma ya zizi. Na si mizizi tu. Ua la parachichi hufunguka mara mbili: kwanza likiwa la kike, kisha hujifunga na kurudi siku ya pili likiwa la kiume. Hass huwa ya kike asubuhi. Fuerte na nyingine za kundi lake huwa za kike alasiri. Zikiwa jirani, nyuki hupata chavua kwa moja wakati nyingine inapoihitaji. Kihamba chenye miti ya kienyeji ya kila tabia, na mzinga unaoning'inia kwenye mringaringa, kina uchavushaji wa bure ambao shamba la aina moja hulazimika kuupanga.

Hata ule ugonjwa uliouua mti mama una jibu lake katika ujuzi wa zamani. Kuoza mizizi hupenda udongo uliosimamisha maji. Udongo wa volkano hupitisha maji vizuri, lakini mkulima anayeuelekeza mfongo moja kwa moja kwenye shina huualika ugonjwa mwenyewe. Wazee walimwagilia kwa vijitaro vinavyopita mbali kidogo, wakafunika ardhi kwa majani makavu ya migomba. Maafisa ugani leo huyaita majani hayo matandazo na kuyasisitiza kama somo jipya.

Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliutambua mfumo wa kihamba wa Shimbwe Juu, juu ya mji wa Moshi, kuwa urithi wa kilimo wenye umuhimu wa dunia. Mradi uliofuata ulikarabati mifongo na kuhimiza kahawa ya kilimo hai, pamoja na vanila. Kwa ufupi, dunia ilikuwa inauambia mlima kwamba ghorofa zake zina thamani, wakati soko linaunong'oneza uzibomoe.

Tangu 2022: Kilo, maji na mirathi

Novemba 2022, Rais Samia Suluhu Hassan alipozuru Beijing, Tanzania na China zilitia saini makubaliano ya kuruhusu parachichi la Tanzania kuingia soko la China. Habari hiyo ilifika vijijini kwa kasi ya simu, na vitalu vikajaa wateja. Walioko Dar es Salaam waliagiza miche kabla ya safari ya Desemba, wakaja kula Krismasi wakiwa na jembe mkononi.

Palepale shida mbili zikajitokeza. Ya kwanza ni tamaa ya mapema. Tunda lililochumwa changa haliivi vizuri. Hunyauka likiwa kama mpira, na mnunuzi wa Ulaya hulikumbuka jina la nchi iliyomletea. Kipimo cha kweli hakitumii macho. Kipande cha nyama ya tunda hupimwa uzito, hukaushwa hadi maji yote yaishe, kisha hupimwa tena. Kinachobaki ndicho kinachoonyesha ukomavu. Mama wa gulioni hakuwa na mizani hiyo, lakini hakuwahi kuchuma changa, maana mteja wake alikuwa jirani na angerudi Jumamosi kudai.

Ya pili ni umbali. Kuanzia mwishoni mwa 2023 mashambulizi katika Bahari ya Shamu yalizifanya meli nyingi zizungukie Rasi ya Tumaini Jema. Safari ya kwenda Ulaya ikaongezeka kwa siku nyingi, na tunda la Afrika Mashariki likawasili limechoka. Bei za wakulima zilitikisika kwa vita ambavyo hakuna mtu wa Machame aliyevianzisha, kama zilivyotikiswa za babu zao na mdororo wa miaka ya 1930 na kuvunjika kwa mgao wa kahawa mwaka 1989.

Nani aliyeumia kidogo? Aliyekuwa na Hass chache mpakani na penye mwanga, migomba ikiwa imesimama na mibuni imepogolewa, aliacha matunda yakae mtini akasubiri. Aliyeng'oa kila kitu hakuwa na cha kusubiria. Miti yake bado michanga, ardhi iko uchi juani, na ndizi ananunua sokoni.

Maji yanaongeza uzito kwenye hesabu hiyo. Mifongo mingi imekufa au inatoa maji msimu wa mvua tu, na Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani inasimamia vibali kwa watumiaji wanaozidi kuongezeka, kuanzia wakulima wa mlimani hadi mabwawa ya umeme. Mparachichi uliojaa matunda una kiu. Chini ya kivuli, ukiwa na matandazo, unastahimili kiangazi vizuri zaidi. Miti ya Hass iliyopangwa peke yake inahitaji bomba, na bomba linahitaji mto.

Lakini kazi ngumu kuliko zote imebaki kwenye kikao cha ukoo. Mibuni ilikuwa ya baba bila mjadala. Hass imepandwa na kijana aliye mjini, kwa fedha yake, kwenye ardhi ya babu yake. Inamwagiliwa na mama. Inachumwa na vijana wa kibarua. Na malipo yanaingia kwenye simu ya mtu mmoja. Kitinda mimba aliyebaki nyumbani anaona jasho lake. Dada aliyesoma anaona jina lake halipo. Mti unaoweza kuzaa kwa miongo kadhaa utawashuhudia wote hao wakizeeka, na mali bila daftari huisha bila habari.

Baadhi ya familia zimeanza kuandika: miti ipi ni ya nani, nani anaamua siku ya kuuza, mama anapata sehemu gani kabla fedha haijagawanywa, na ghorofa gani za kihamba haziguswi. Ni karatasi za kawaida, zenye sahihi za ndugu na shahidi kutoka serikali ya kijiji. Zinafanya kazi ambayo zamani ilifanywa na masale na zamu za mfongo: kuweka mpaka kabla ugomvi haujafika.

Kahawa ilidumu mlimani kwa zaidi ya miaka mia moja kwa kukubali kukaa chini ya mgomba. Parachichi halina ulazima wa kukaa chini ya kitu chochote. Ni mti mkubwa, kivuli chake ni kizito, na likiachiwa nafasi litaichukua yote. Mwenye kihamba ndiye anayepaswa kuliambia liishie wapi. Mgeni amepata jembe, na analima vizuri. Hajapewa hati ya shamba.